Niliua Kuku wa Wifi Yangu kwa Utitiri wa Maua

Nimekosa, na kosa ni langu. Nalisema mwanzo ili mtu asije akasema nimezunguka. Jina langu silitaji, ila waliochangia nitawataja, maana wao wazima wanakula, na mimi leo nashika kikombe kwa mikono miwili.

Ni mama wa Mbinga, huku juu kwenye kahawa. Shule niliishia darasa la nne. Mnivumilie.

Jamani, yote haya ni maua! Maua ya ndani, ya kwenye makopo.

Mama mkwe wangu alikuwa na ua lenye majani ya rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Kitawi chake alikitoa Liuli, kule ziwani, alipokwenda kutibiwa mguu, akakileta amekifunga kwenye kitambaa kibichi. Kikazaa makopo saba. Alipokuwa anaumwa kufa aliniita mbele ya binti yake Osmunda, wifi yangu, akasema, "Maua yangu achukue mke wa Ditrik." Ditrik ndiye mume wangu.

Osmunda akasema, "Sawa, mama," akatoka nje.

Ile "sawa" niliibeba kichwani. Sawa gani ya kutoka nje? Mtoto wa kumzaa kanyimwa, mimi niliyekuja kuolewa nimepewa. Kuanzia hapo kila alipokuja kwangu niliangalia macho yake yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye makopo.

Na bado tulikuwa watu wa kusaidiana! Tangu nimeolewa, mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mteremkoni, tulichimba pamoja. Wanaume wakishafyeka na kulaza nyasi, mimi na Osmunda tunaingia na majembe, yeye upande ule, mimi upande huu, tunacheka mpaka mteremko unaisha. Nilicheka naye huku namchunguza. Hilo nalo naungama.

Sasa ikaja ruksa, kila mtu anunue na auze apendavyo. Ushirika wetu ukalala, wanunuzi binafsi wakamiminika, malori ya kahawa yakapita mbele ya nyumba yangu kutwa. Vumbi! Nafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako. Na miezi ile ya baridi kwetu huku mnaijua, mtu unaingiza jiko la mkaa sebuleni. Mimi langu niliweka chini ya dirisha, chini ya makopo ya mama. Nilifikiri nayapasha joto maua.

Siku moja naona majani yamechujuka. Yana vidoa vidoa vyeupe kama mtu kayadonoa na sindano. Nageuza jani, nakuta utando mwembamba kama nywele za mtoto mchanga, umefungwa toka jani hadi jani.

Umefungwa na nani?

Juzi yake Osmunda alikuwa amekaa palepale. Aliyashika yale majani akasema, "Mama aliyapenda haya." Mkono wake niliuona. Nikamwambia Ditrik, akanijibu, "Hayo mambo yenu ya wanawake." Ditrik, nakutaja wa kwanza! Ungeuliza swali moja tu siku ile.

Kesho yake akapita Bwana Shamba Menas kukagua mibuni. Nikamvuta ndani. Akaomba karatasi nyeupe, akaiweka chini ya jani, akaligonga kwa kidole. Vikadondoka vitu vidogo kama unga wa pilipili. Halafu ule unga ukaanza kutembea! Nikaruka nyuma.

"Utitiri huu, mama," akasema.

Utitiri! Kwetu sisi utitiri ni wa kuku. Unaingia bandani, unapanda mwilini, unawasha mpaka mtu unavua kitenge mbele za watu. Na kuku mimi sifugi. Anayefuga ni nani? Osmunda. Na kuku zake zilikuwa zinaingia sebuleni kwangu kuota moto kama wageni walioalikwa.

Menas aliendelea kuongea. Kasema maji, kasema sabuni, kasema niondoe jiko. Mimi masikio yangu yalikuwa yameshafika kwa wifi yangu.

Nilimkuta anaanika kahawa. Hata salamu sikutoa.

"Wifi, umeniletea utitiri kwenye maua ya mama."

Akaniangalia. "Tumsifu Yesu Kristu kwanza."

"Usinizungushe! Bwana Shamba kasema utitiri. Kuku ni zako."

"Utitiri wa kuku unakula majani?" Akaacha kahawa, akashika kiuno. "Basi kuku zangu nazo zitaanza kunyonyesha! Nenda kalale, wifi, jua limekupiga."

Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka Kitai.

Pale Kitai mabasi yanaposimama alikuwepo Kalisto. Zamani alikuwa anauza ndizi. Ilipokuja ruksa akawa mtaalamu wa dawa za mimea. Dawa yenyewe iko kwenye chupa ya soda, kizibo cha gunzi la mahindi.

"Inaua utitiri?" nikauliza.

"Mama, hii inaua chochote chenye pumzi."

"Inaitwaje?"

"Jina la nini, unataka kuiozesha binti? Chukua."

Nikachukua. Kalisto, nakutaja wa pili! Mpaka leo sijui ulinipa nini, na wewe mwenyewe nadhani hujui.

Jumapili nikasema naumwa kichwa, wote wakaenda misa. Nikafunga madirisha ili dawa isitoroke. Nikaichanganya kwenye ndoo, nikachukua kifagio, nikachovya, nikayapiga maua kifagio hadi yakalowa. Juu ya majani tu, chini sikugusa. Mikono mitupu. Nikivuta hewa koo linakaza, najiambia ndiyo dawa kali hiyo, inafanya kazi.

Ningeishia hapo!

Sikuishia. Nikabeba ndoo mpaka banda la Osmunda. Nilijua yuko kanisani, ndiyo maana niliichagua Jumapili. Kuku kumi na mmoja walikuwa humo, amewafungia, anawanenepesha kwa harusi ya binti yake. Nikanyunyiza kuta, nikanyunyiza viota, nikamwagia kuku wenyewe mgongoni. Kuku mmoja mweupe aliniangalia kwa jicho la pembeni. Jicho lile ninalo mpaka leo.

Nikataka kutoka, miguu ikakataa. Jasho, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno, macho yameingia ukungu. Nikaanguka mlangoni pa banda, chupa ya soda mkononi.

Aliyenikuta ni Osmunda, amevaa nguo za kanisani. Aliona kuku wanarusha miguu, akaniona mimi, akaiona chupa. Sikuweza kusema. Na hakuuliza.

Walioshuhudia wananiambia hakupiga hata kelele. Alinivua nguo zote pale pale uani, akaniosha kwa maji na sabuni, mbele, nyuma, kichwani, mpaka kwenye kucha, akanivalisha kitenge chake, akaita wanaume wafunge machela. Zahanati walisema ningechelewa kuoshwa ningekufa. Kuku hakuna aliyepona.

Niliporudi nyumbani nikakuta majani yamepukutika makopo sita. La saba limebaki na majani manne. Nikaligeuza moja. Utitiri umejaa kuliko mwanzo! Nilijiua bure.

Menas akaja kunipa pole, nikamfokea. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Utitiri wa kuku unanyonya damu, huu wa kwako unanyonya maji ya jani. Jina tu ndilo moja. Haujaletwa na mtu, unapenda pakavu, penye joto na vumbi. Na ile dawa huenda imeua wadudu wadogo waliokuwa wanaula, wenyewe ukabaki."

"Hukusema hivyo!"

"Nilisema. Ulikuwa unaangalia dirishani, kwa wifi yako."

Nikageuka dirishani. Jiko lilikuwa bado palepale chini ya dirisha.

Basi nikafanya kile nilichoambiwa mwanzo. Jiko nikalihamisha. Majani mabovu nikayakata nikayachoma. Kopo lililobaki nikalitenga peke yake, nikawa naliosha kila baada ya siku tatu nne, povu la sabuni chini ya jani taratibu kwa kitambaa laini, halafu maji safi. Sio mara moja, maana mayai yanabaki na kuanguliwa. Mikono inatetemeka tangu siku ile ya dawa, povu linaruka hadi puani. Mwezi mzima. Utitiri ukaisha. Kwa sabuni ya kufulia!

Harusi ya yule binti ilipita. Kuku walitafutwa kwa majirani, na mimi sikuitwa hata kumenya viazi. Machi ikafika, Ditrik akalaza nyasi, nikaingia shambani peke yangu. Shimo moja nilichimba asubuhi nzima. Ng'ambo kwenye mteremko nasikia Osmunda anacheka na wengine. Nikawaza, wananicheka mimi. Mnaona? Bado nawaza hivyo. Ugonjwa huu hauoshwi kwa sabuni.

Mwaka jana ua likatoa kitawi. Nikakipanda kwenye kopo jipya, nikalibeba mpaka kwa wifi yangu. Safari hii nilianza na Tumsifu Yesu Kristu.

"Milele amina," akaitika. Akalipokea kopo mlangoni. Akageuza jani la kwanza, akaliangalia chini. La pili. La tatu. Polepole, ananiacha nimesimama.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Kuku."

Nilitaka kucheka, yeye hakucheka. Akaliweka kopo nje, kwenye kona ya baraza, mbali na mlango. "Likae hapo wiki mbili. Nikiona halina kitu nitaliingiza ndani."

Wiki mbili zikaisha, akaliingiza. Nimeliona dirishani kwake, limechanua majani ya rangi tatu, limependeza kuliko langu.

Wewe unayesoma hapo, mwenye maua sebuleni na ndugu wa kumshuku, nakuomba! Ukiambiwa neno, lisikilize mpaka mwisho wake. Dawa isiyo na jina usiinunue. Na jani ligeuze mwenyewe, tena na tena, kabla hujaenda uani kwa mtu.

Mimi nikienda kwa wifi yangu nasalimia pale barazani, naitikiwa vizuri, narudi. Kopo liliambiwa wiki mbili. Mimi sijaambiwa ngapi.