Mgongo wa Bi Maisara

Rawiya wa Sokomuhogo alikuwa na kazi mbili zisizopikika chungu kimoja. Kutwa alishinda katika duka la intaneti akiwachapia watu barua, na wateja wakiadimika aliandika blogu yake isiyo na jina. Akihitajika, alifuatana na mamake, Bi Muzna, kwenda kuosha maiti za wanawake. Bi Muzna ndiye mwoshaji wa mtaa mzima, na sharti lake halikubadilika: jema uliloliona lisifu, la aibu lizikwe na mwenyewe.

Mwaka 2006 alikufa Bi Maisara, mke wa mtu wa safu ya mbele msikitini. Walipomgeuza, mgongo umejaa alama za mkanda, nyingine hata hazijakauka. Bi Muzna aliendelea kumimina maji. Rawiya alirudi nyumbani. Kesho yake akauandika mgongo ule. Jina alilificha, mtaa aliuficha, lakini akataja kikuku cha fedha kilichokataa kuvuka kisigino mpaka kikakatwa kwa koleo. Mjini humu nani asiyekijua kikuku cha Bi Maisara?

Wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao akayanakili maneno yale, akayabandika kwenye ukumbi wa mtandaoni wa Wazanzibari walioko ughaibuni. Rawiya alijua pale mteja wake Usi alipomwita.

"Hebu njoo usome, Rawiya. Sijui nani kaandika, mie nshalia."

Mungu amsamehe, alifurahi. Alisoma sifa zote, moja baada ya moja. Siku ya pili mtu wa Maskati akauliza: huyu si Bi Maisara wa Kajificheni? Rawiya akakimbilia kuifuta blogu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ukumbini maneno yalikuwa yameshasambaa.

Hashil, mwana wa marehemu, alipiga simu kutoka Maskati. Hata shikamoo hakutoa.

"Nlikukabidhini mama yangu mumsitiri, Bi Muzna. Mmemvua nguo mbele ya dunia."

Bi Muzna akaiweka simu, akamgeukia binti yake. "Ni weye?"

"Ni mie, Mama. Uchungu ulinishinda. Yule mumewe—"

"Unadhani mie sikuuona? Nimeosha migongo mingi, mwanangu. Basi nani atatufungulia mlango tena?"

Hakuna aliyewafungulia. Na mume? Alikaa barazani akiamkiwa kwa heshima, akipewa pole kwa fedheha aliyofanyiwa! Mkono uliopiga haukuulizwa hata swali. Bi Muzna naye alikonda, na masika yaliyofuata akafa.

Rawiya alijifunga kanga kiunoni, akachota maji yaliyochemshwa kwa majani ya mkunazi, akaenda chumbani kumwosha mamake. Bi Mwanakhamis, aliyeosha maiti pamoja na Bi Muzna tangu ujana wao, akalizuia pazia.

"Usiingie. Mamako kaniusia."

"Mie mwanawe, Bi Mwanakhamis!"

"Ndiyo, mwanangu. Kakutaja kwa jina."

Akaipokea ndoo, pazia likashuka. Rawiya alibaki ukumbini akisikia maji yakimiminwa, akilia kwa sauti wala asijali nani anamtazama. Walipomwita, sanda ilikwishafungwa. Alipanga foleni nyuma ya majirani, na alipofika kitandani akaoneshwa uso tu, kama wao.