Joho la Wakili na Mikia ya Kilatini

Kwa mujibu wa waraka uliobandikwa kwenye mbao zote za matangazo za shule, na nakala yake kukabidhiwa kila mzazi na mlezi, Kilatini ni lugha mfu. Hakina msemaji aliye hai, hakitumiki sokoni, nyumbani wala kazini, na hakuna dalili kwamba kitakuja kutumika. Kwa sababu hiyo, waraka uliendelea kusema, hakiwezi kufundishwa na mtu asiye na sifa, na wazazi na walezi wanaagizwa kuliacha jambo hilo mikononi mwa walimu. Chini yake palikuwa na mhuri, na sahihi ya Mkuu wa Taaluma, ndefu kuliko jina lake.

Nakala ya Mama Mkunjo ilifika imekunjwa ovyo na kukaliwa ndani ya begi la shule. Hakuisoma. Aliitandaza juu ya meza ya pasi, akainyunyizia maji kidogo, akaipitishia pasi pande zote mbili, ndipo akaisoma, kwa kuwa aliamini kwamba jambo lililokunjamana haliwezi kueleweka. Alikuwa mpiga pasi wa duka la dobi. Jina lile alipewa na wateja kwa sababu ya mkunjo wa mbele wa suruali zilizopita mikononi mwake, mkunjo ulionyooka kiasi kwamba karani mmoja aliwahi kulalamika kuwa unamkata vidole. Yeye aliyachukua malalamiko yale kama pongezi. Malalamiko mengi aliyachukua hivyo.

Aliyeleta waraka alikuwa binti wa kaka yake. Kaka alipata kazi ya kujenga madaraja mbali, akaondoka na mkewe, na mtoto akabaki kwa shangazi ili asihamishwe shule kila daraja linapokamilika. Kila siku baada ya masomo msichana alikuja dukani, akakaa kwenye kapu la mashuka lililopinduliwa, akafanya kazi zake za shule kati ya mvuke wa pasi na kelele za mashine. Mashine zilikuwa za mzee mmoja aliyeitwa Povu, ambaye alikuwa amefua nguo za watu kwa muda mrefu mno kiasi cha kutomheshimu mtu yeyote.

"Umeona wamekataza, Shangazi," alisema msichana.

"Wamekataza kufundisha. Kujifunza hawajataja."

"Ijumaa kuna mtihani wa mdomo. Mikia kumi ya neno la Kilatini, mfululizo, bila kutazama popote. Ukishindwa unahamishiwa mkondo wa pili."

"Na mkondo wa pili wana kosa gani?"

"Hawaruhusiwi maktaba ya juu."

Hapo Mama Mkunjo alisimamisha pasi. Shule ile ilikuwa na maktaba mbili. Ya chini ilikuwa na vitabu vya kiada na kamusi isiyo na jalada. Ya juu ilikuwa na vitabu vyenyewe, na ni wanafunzi wa Kilatini peke yao walioruhusiwa kupanda ngazi ile, kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka na kwa hiyo haikuweza kufutwa. Msichana alikuwa amefika katikati ya kitabu kinene cha milima ya moto. Kwa wiki nzima duka lote lilikuwa likinywa chai ya jioni kwa habari za miji iliyofunikwa na majivu.

"Basi shika hiyo mikia," alisema shangazi.

"Unasema tu kwa kuwa hujui ilivyo. Ungekuwa wewe, usingeshika hata mitatu."

Nyuma ya mashine Povu alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto kasema kweli. Huyu hata wimbo anajua kiitikio tu."

"Povu, fua," alisema Mama Mkunjo. Kisha akamgeukia msichana. "Nikiishika mimi, na wewe utaishika?"

"Ukiishika wewe, Shangazi, mimi sitakuwa na pa kujificha."

Ndivyo walivyokubaliana. Mama Mkunjo hakuwa mtu wa kutilia shaka jambo ambalo hajalianza.

Msichana alimweleza. Chukua neno la Kilatini lenye maana ya msichana. Mwili wake haubadiliki. Unaobadilika ni mkia, kutegemea kama msichana ndiye anayetenda, au anatendwa, au ni mwenye mali, au anapewa kitu, au jambo linafanyika kupitia kwake. Mitano kwa mmoja, mitano kwa wengi: a, am, ae, ae, a, ae, as, arum, is, is. Shangazi hakushangaa. Kwetu maneno hubadilika kichwani, alisema, na huko hubadilika mkiani. Shati nalo huanzwa kwenye kola na suruali huanzwa mfukoni, na hajawahi kuona mtu akilia kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, mikia ilikataa. Aliitamka kwa mwendo wa pasi, mmoja kwenda na mmoja kurudi, na kila alipofika kola ya pili mikia ilikuwa imemponyoka yote. Povu aliuliza kama anakohoa au anaita mbuzi. Siku ya pili Mama Mkunjo aliacha kutamka. Alitazama bomba la chuma lililofungwa ukutani, lenye nguo zilizokwisha kupigwa pasi, kila moja kwenye henga yake ikimsubiri mwenyewe, akaanza kuzipanga upya.

A ilikuwa shati jeupe la mfamasia. Am ilikuwa sketi ya karani wa posta, yenye zipu, kwa kuwa mtu akitamka am mdomo hujifunga. Ae mbili zilikuwa sare mbili za watoto pacha. A ya tano ilikuwa shati la pili la mfamasia, ambaye alinunua kila kitu jozi. Ae ya wengi ilikuwa gauni la mama yao wale pacha. As ilikuwa suruali. Arum, ndefu, nzito na yenye kiburi, ilikuwa joho jeusi la wakili. Is na is zilikuwa mapazia ya chumba cha daktari wa meno.

Kazi ikawa nyepesi ghafla. Shangazi aliweza kupita mbele ya bomba lile akigusa nguo moja moja na kutaja kila mkia bila kukosea, na msichana, aliyeanza kwa kumcheka, kufikia Jumatano alikuwa akiitaja amefumba macho, nguo kwa nguo. Wote wawili waliridhika. Kasoro ya mpango wao ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba nguo zile zilikuwa za watu.

Mfamasia alikuja kwanza.

"Mashati yangu?"

"Bado yana unyevu," alisema Mama Mkunjo, mwanamke ambaye katika maisha yake ya kazi hajawahi kuchelewesha hata leso.

"Si ndivyo ulivyoniambia jana?"

"Na leo ni kweli zaidi."

Mama wa pacha aliambiwa kwamba sare zinapumzika. Karani wa posta aliambiwa zipu inatazamwa. Mtumishi wa daktari wa meno aliondoka bila mapazia na bila kuelewa alichoambiwa. Povu aliyasikiliza yote haya akiwa ameegemea mashine yake, akatoa maoni kwamba amewahi kuona maduka yakifungwa kwa wizi na kwa moto, lakini hili litakuwa la kwanza kufungwa kwa sarufi.

Alhamisi jioni akaja wakili.

"Mama Mkunjo, joho."

"Rudi kesho jioni, Wakili wangu."

"Kesho asubuhi nasimama mbele ya jaji."

"Si una lile koti zuri la kijivu? Linakupendeza kuliko joho."

"Mteja wangu kashitakiwa kwa kuuza nyumba isiyo yake. Nikiingia na koti, jaji ataanza na mimi."

Mama Mkunjo alitazama joho, akamtazama msichana, akamtazama wakili. Uongo wa unyevu haukufaa. Joho lilikuwa mbele yao, kavu, likining'inia kama fahari ya duka. Alilishusha, akalikunja mkononi, akalitoa. Msichana alilitazama mpaka lilipovuka barabara.

"Mjukuu," alisema Povu, "mkia wa nane huo unaondoka."

"Nimeshaushika," alisema msichana. "Hauwezi kuondoka."

Ijumaa alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, akafumba macho. Mwalimu wa Kilatini alikuwa mama mwembamba, asiye na haraka, ambaye alisikiliza mikia ile kwa uangalifu uleule kila mwaka, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Shati la mfamasia lilikuwapo. Sketi ilikuwapo, pacha walikuwapo, shati la pili, gauni, suruali. Msichana aliitaja yote kwa sauti ya kujiamini. Kisha akafika mahali palipokuwa na henga tupu, inayobembea.

"Endelea," alisema mwalimu.

Msichana alizidi kufumba macho.

"Baada ya as?"

"Limechukuliwa, Mwalimu."

"Limechukuliwa nini?"

"Joho. Mwenyewe ana kesi."

Darasa lilicheka kwa muda mrefu. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akamtaka aeleze, na msichana akaeleza tangu mfamasia mpaka daktari wa meno. Mwalimu aliuliza swali moja tu, kama ae ya tatu na ya nne zilikuwa sare za ukubwa mmoja, akajibiwa ndiyo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua kanuni za mtihani. Kanuni zilimruhusu mwanafunzi kurudia mara moja endapo alizuiwa na ugonjwa au usafiri. Mwalimu alifikiri kidogo, akaona kwamba joho kwa hakika lilikuwa limesafiri, akamwambia arudi Jumatatu. Ngazi ya maktaba ya juu, hata hivyo, ingekuwa imefungwa kwake mpaka hapo, na kitabu alitakiwa akirudishe mara moja.

Msichana aliingia dukani akiburuta begi.

"Umeniponza, Shangazi!"

"Kwa nini?"

"Nimesimama pale nikaona henga! Henga tupu! Watu wote wananiita Bi Joho sasa!"

Mama Mkunjo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia anyamaze wala hakutafuta wa kumlaumu, ingawa wakili angefaa. "Ni kweli," alisema. "Nimekuponza." Kisha akachukua simu ya duka akaanza kuwaita wateja. Kabla jua halijazama mfamasia alikuwa amepata mashati yake, makavu kupita kiasi, pacha walikuwa na sare, na mapazia yalikuwa yamerudi kumfichia daktari wa meno yale anayofanya. Bomba lilibaki na henga kumi za waya.

"Haya," alisema shangazi. "Anza."

"Nianze nini? Hakuna kitu."

"Ndiyo maana. Mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kudai henga."

Msichana alikaa kwanza kwenye kapu lake akinuna. Kisha akainuka. Siku ile aligusa henga moja moja. Jumamosi alizisogeza zote upande mmoja zikagongana, akaitaja mikia bila kuzigusa. Baadaye akaligeuzia bomba mgongo kabisa, akawa anamtazama shangazi yake usoni, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeuliza.

"Sasa wewe."

"A, am, ae, ae, a," alisema Mama Mkunjo, kwa sauti ya mtu anayekabidhi nguo. "Ae…" Akasimama. Macho yakamkimbilia ukutani.

"Usitazame huko."

"Suruali imeondoka, mwanangu."

"Suruali imeondoka. Mkia haujaondoka. Tena."

"Povu, sikia anavyonifokea!"

"Tena, Shangazi."

Alirudia. Alikwama, akarudia, akakwama mahali pengine. Pasi ilipoa. Povu, ambaye hakuwa amealikwa, alijiweka kuwa mwitikiaji: walipofika mwisho alipaza sauti nyuma ya mashine, "Is! Is!" na alikuwa sahihi kila mara, kwa kuwa alijua hizo mbili tu.

"Nani sasa anajua kiitikio tu?" aliuliza Mama Mkunjo.

"Mimi sina mtihani," alisema Povu.

Jumapili, nyumbani, wakitenganisha mchele na mawe, shangazi aliitaja yote kumi bila kukwama, mara moja. Msichana alidai kwamba ule wa tatu aliutamka kwa shaka. Shangazi alikana. Hapakuwa na shahidi.

Jumatatu Mama Mkunjo alipiga pasi shati moja mara mbili na hakugundua. Alikipiga pasi pia kitambaa cha kusafishia pasi. Povu aliona, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alinyamaza. Msichana alitokea mlangoni akitembea polepole, akaweka begi chini, akakaa juu ya kapu, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"We mtoto, nitakupiga na hili shati."

"Kumi," alisema msichana.

"Na arum?"

"Niliitamka kwa nguvu mpaka Mwalimu akasema hakuna haja ya kuitisha mahakama."

Mama Mkunjo alisema, "Vizuri," kana kwamba ameambiwa maji yamechemka, akamgeuzia mgongo, akaanza kupanga henga ambazo zilikuwa zimepangika. Povu alifungua mashine katikati ya mzunguko, jambo ambalo haliruhusiwi, maji yakamwagika sakafuni, na wote watatu wakapata kazi ya kufanya. Ndani ya begi kitabu cha milima ya moto kilikuwa kimerudi, na pamoja nacho karatasi mpya ya mikia, safari hii ya neno lenye maana ya bwana. Inaanza na us. Shangazi aliisoma ikiwa bado imekunjamana.

Wiki iliyofuata wakili alileta joho lake, akiwa ameshindwa kesi, na Povu akalipokea kaunta.

"Arum moja!" alipaza sauti kuelekea nyuma. "Ina doa la wino kwenye mkono!"

"Iweke baada ya as," alijibu Mama Mkunjo.

Tangu hapo joho lolote linaloingia pale huitwa arum, suruali huitwa as, na mapazia is, kwa kuwa daima huja mawili. Msichana mpya aliyeajiriwa kupokea nguo alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza na hakuuliza sababu. Mfamasia naye, akipita jioni kuchukua mashati, husimama mlangoni akauliza kama a zake mbili ziko tayari.