Sauti Nyembamba ya Mkalimani

Wanafunzi wangu wa fasihi wanapenda kuanza insha zao kwa sentensi moja: "Katika kazi hii mwanamke amechorwa kama..." Halafu wanajaza. Mama mlezi, chombo cha starehe, kiumbe dhaifu, mwanamapinduzi. Wameikariri tangu sekondari, nami imenichosha. Nikiwauliza, "Huyo mwanamke mwenyewe kasema nini? Nionyesheni maneno yake," wananitazama kana kwamba nimewaomba nauli. Wanadhani swali hilo nililipata chuo kikuu. Nililipata Bariadi, nikiwa bado msichana wa shule, kwenye ghala tupu la pamba, na lilinitia hofu kabla halijanifundisha chochote.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kushika kasi. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, na ghala la ushirika karibu na soko likabaki na popo na harufu ya mbegu. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la Wahindi huko Mwanza akalikodi, akaleta televisheni, deki ya video na jenereta. Kila Jumapili mchana alionyesha filamu za Kihindi. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua Kihindi, alipunguza sauti, akasimama kando ya televisheni na kutusemea kila mtu aliyefungua mdomo. Mji mzima ulimwita Mkalimani.

Alikuwa fundi, sitamnyima haki yake. Baba mtu alimpa sauti nzito, jambazi sauti ya kukwaruza, na mhusika mkuu sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nzuri na alijua kwamba ni nzuri. Tena alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Watu walimjaribu sokoni, wakimtajia filamu ya mwaka uliopita, naye aliwarudishia mazungumzo neno kwa neno bila kukwama. Lakini wanawake wote, awe mama, awe binti, awe mke wa jambazi, aliwapa sauti moja tu, nyembamba, ya puani, na maneno machache. Mwanamke angeweza kusema mpaka mishipa ya shingo imtoke, Mkalimani alimsubiri amalize, kisha akatuambia, "Anasema anampenda, ila anaona haya."

Aliyenipeleka kwenye filamu hizo ni mama mdogo, kitinda mimba wa babu na bibi. Mimi nilikuwa kwao kwa likizo, kwenye nyumba yao upande wa barabara ya Ngulyati. Mama mdogo alikuwa na cherehani barazani mwa duka moja sokoni, na alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ushonaji Mwanza. Angeondoka baada ya mavuno. Alilisema jambo hilo kila siku, wakati mwingine kwa mbuzi. Alikuwa na ulimi mkali na hakujua subira ni mdudu gani.

Jumapili moja, ndani ya filamu, kijana alimkimbiza msichana katikati ya maua. Msichana akakimbia, kijana akamvuta mtandio, msichana akageuka na kumzaba kofi ambalo nadhani hata popo walilisikia. Mkalimani, kwa sauti nyembamba, akasema, "Usiniache, mpenzi."

Mama mdogo alisimama. "Wewe! Kofi lile ndiyo usiniache? Kakataa huyo. Sema kakataa!"

"Mayu, mwanamke hukataa kwa mdomo tu," Mkalimani alijibu bila hata kugeuka. "Mimi natafsiri moyo."

Ghala zima lilipiga makofi. Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Chagulaga, mayu!" na kicheko kikazidi.

Asiye Msukuma anaweza kudhani ni utani mwepesi. Mayu ni mama, na chagulaga maana yake ni chagua. Zamani, watu wakitoka ngomani au mnadani, vijana walimzunguka msichana njiani, fimbo mkononi, wakamwambia achague mmoja wao. Akimchagua mmoja, wengine wanampisha. Asipochagua, fimbo zinaanza kazi. Kufikia wakati wetu serikali ya kijiji ilikuwa imeipiga marufuku mila hiyo na kuweka faini, lakini marufuku haitembei na mtu njiani.

Nyumbani neno hilo lilikuwa hata na utamu wake. Babu akishashiba alipenda kutusimulia: "Bibi yenu alinichagua mimi. Vijana watano! Mmoja baba yake ana ng'ombe wa kujaza bonde. Akawaacha wote, akaninyooshea kidole mimi." Alicheka mpaka machozi. Bibi alikusanya bakuli na kuingia ndani. Nilidhani anaona haya.

Siku ile filamu ilipokwisha tulipitia kwanza sokoni kufunika cherehani, kwa hiyo tulichelewa. Jua lilikuwa limeinama tulipoiacha barabara na kushika njia ya katikati ya mashamba ya pamba. Mama mdogo alikuwa bado anamsema Mkalimani. Ghafla akanyamaza, nami nikasikia kilichomnyamazisha. Kulikuwa na miguu nyuma yetu, mingi, isiyo na haraka.

"Mwadila, mayu," mmoja alitusalimu.

"Mwadila," mama mdogo aliitikia, akiendelea kutembea.

Salamu yao ya heshima ndiyo iliyonitisha. Walikuwa wanne, na fimbo za kuchungia. Wawili niliwatambua kutoka ghalani. Mwenye kofia alitupita, akasimama mbele yetu katikati ya njia.

"Chagulaga," alisema, bila kucheka.

Mama mdogo alinishika kiwiko mpaka kikauma. "Sitaki. Nawakataa wote. Nipisheni nimpeleke mtoto nyumbani." Alisema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kudai kwamba hakuelewa. Wakaangaliana, wakatabasamu. Mmoja akainua ncha ya fimbo na kugusa pindo la kanga yake, polepole, kama anayepima maji. Niliogopa nikahisi mkojo unanitoka. Pamba ilikuwa imetuzunguka pande zote na hapakuwa na nyumba karibu.

Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Mkalimani, akirudi kwake na deki yake aliyoifunga kwa shuka kwenye karia. Hakuiacha ghalani kwa kuogopa wezi.

"Umekuja wakati mzuri!" mwenye kofia akamwita. "Tutafsirie. Huyu anasema nini?"

Mkalimani alishuka kwenye baiskeli. Mama mdogo alimtazama usoni. "Umesikia," alisema. "Waambie. Sitaki, hata mmoja."

Aliziangalia fimbo, akamwangalia mama mdogo. Alipofungua mdomo alitumia ile sauti yake nzuri.

"Amenichagua mimi," alisema.

Wale vijana walisita. Kisha, kwa kuwa mila ni mila hata kwa mhuni, wakapisha. Mmoja alimpiga Mkalimani begani kumpongeza. Alitusindikiza akisukuma baiskeli. Tulipofika uani mama mdogo alimwambia, "Wabeja." Asante hiyo ilitoka moyoni, maana alituokoa, na mimi siku ile ningeweza kuibusu hata baiskeli yake.

Lakini kauli ikishatoka hairudi. Siku chache baadaye soko zima lilikuwa linajua. Wanawake walioleta vitambaa vya kushona walimpa mama mdogo hongera, naye akakanusha, wao wakamkonyeza. Na wiki haikwisha kabla Mkalimani hajafika kwa babu akiwa na mjomba wake na mshenga.

Babu alifurahi, kwa nini asifurahi? Mwanamume mwenye jenereta, tena anayetaja ng'ombe bila kuvutwa ulimi. Nilijua, na mama mdogo alijua zaidi, kwamba ng'ombe wakishaingia zizini, Mwanza imekwisha. Wanaume walikaa kwenye vigoda, sisi wanawake kwenye mkeka. Bibi alikuwa pembeni na bakuli zake.

"Mwanangu, ulimchagua?" babu aliuliza.

"Sikumchagua, baba."

Mjomba wake Mkalimani alicheka kwa upole. "Binti gani atakubali mbele ya baba yake? Anaona haya."

Maneno yalikuwa yaleyale ya ghalani!

"Sioni haya," mama mdogo alisema. "Nakataa."

"Asingemchagua, wale vijana wangempisha?" mshenga aliuliza, na vichwa vikatikisika kukubali. Mama mdogo alisema tena. Akasema tena. Kila aliposema, alitokea mtu wa kueleza alichomaanisha: kwamba ana hasira, kwamba ni mtoto, kwamba anataka kubembelezwa. Sauti yake ikaanza kukatika. Nilimwona akitazama mlango wa zizi. Nikajua kwamba hana upungufu wa maneno, kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuyafikisha yalivyo.

"Babu," nilisema kutoka mkekani. "Muulizeni Mkalimani maneno aliyoyasikia njiani. Siyo maana yake. Maneno."

Babu alinikazia macho. Mtoto hasemi mbele ya wageni. Angenifukuza, lakini mjomba mtu alishaingiwa na majivuno. "Aulizwe tu! Huyu hasahau neno, mji mzima unajua."

Wote wakamgeukia. Mkalimani alikuwa ameinamisha kichwa akichora ardhini kwa kidole cha mguu. Angeweza kudanganya, na sisi tungefanya nini? Ndama alilia zizini, akanyamaza. Mama mdogo alikuwa anamtazama vilevile alivyomtazama kwenye pamba. Kisha Mkalimani akavuta pumzi, na sijui kama ni mazoea ya kazi au aibu, lakini iliyotoka ni ile sauti nyembamba ya puani.

"Umesikia. Waambie. Sitaki, hata mmoja."

Hakuna aliyecheka. Katika filamu zote alizotuonyesha, sauti ile haikuwahi kukataa.

"Halafu wewe ukasema nini?" babu aliuliza.

"Nikasema amenichagua mimi." Sasa alikuwa na sauti yake mwenyewe, lakini uzuri wake ulikuwa umekwenda. "Nilitaka kumwokoa, mzee."

"Uliniokoa na nikashukuru," mama mdogo alisema. "Leo umekuja kuniokoa na nani?"

Mjomba mtu alitazama kofia yake. Babu alikohoa. Naona alitaka kuwapunguzia wageni fedheha, na alipotaka kuchangamsha watu alikuwa na hadithi moja tu. "Aa, mambo ya vijana haya," alisema, akianza kutabasamu. "Lakini kuchaguliwa nako ni bahati, jamani. Mimi huyu bibi yenu, vijana watano tumesimama pale, wengine wana mali..."

Bibi alikuwa ameshainuka na bakuli zake kama kawaida. Akazirudisha chini.

"Nilikuchagua wewe," alisema, "kwa sababu fimbo yako ilikuwa nyembamba kuliko za wenzako."

Babu alibaki na tabasamu ambalo halikujua liende wapi. Baada ya muda alimwambia mshenga, bila kumtazama mtu, kwamba ng'ombe wabaki huko waliko. Bibi akaokota bakuli zake, akaingia ndani, na safari hii sikudhani kwamba anaona haya.