Mlinzi wa Kisiwa Kilichoshikana na Nchi Kavu

Siku fundi mashua alipomwona kwa mara ya kwanza, mlinzi wa kisiwa alikuwa juu ya jiwe jeusi, akigombana na mamba.

"We mama, sogea bwana, mgeni apite!"

Mamba jike, mrefu kama mtumbwi, akajitosa majini. Fundi, mtu asiye na maneno mengi, alisahau hata salamu.

"Usihofu," mlinzi akacheka. "Wewe mifupa mitupu, atakula nini?"

Baadaye fundi alimwoa dada wa mlinzi, na matani ya shemeji yakapata mwenyewe.

Ziwa lile kubwa limezungukwa na jangwa. Mto mmoja huingia, hakuna unaotoka. Jua hunywa maji na kuacha magadi. Kisiwani mamba walitaga mchangani, na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama fito, walilea makinda yao kwenye tope la ufukweni. Mlinzi alifukuza watu tu. Mbweha walizuiwa na maji.

Kisha mto ukapungua, ziwa likarudi nyuma. Mkondo uliotenga kisiwa na nchi kavu ukawa wa magotini. Mlinzi, aliyechoka kukanyaga tope na dumu la maji ya kunywa begani, akapanga mawe ya kupitia.

"Umeona daraja, shemeji? Mashua yako italiwa na mchwa!"

Lakini upepo wa jangwa hubeba mchanga, na yale mawe yakaudaka. Ukingo ukakua, mkondo ukaziba. Asubuhi moja mlinzi alikuta nyayo za mbweha juu ya daraja lake, na kisiwa kizima kimetapakaa maganda ya mayai. Yule mamba jike alikuwa amelalia shimo tupu. Safari hii mlinzi hakumwambia asogee.

Aling'oa mawe yote, akaanza kuchimba mfereji ili kisiwa kirudi kuwa kisiwa. Fundi akashika koleo la pili. Walichochimba mchana, upepo ulifukia. Heroe wakaruka wote kwa pamoja, wasirudi tena. Maji nayo yalizidi kusogea, hata mfereji ukashindwa kuyafikia.

"Kaka, twende zetu," dada yake akamsihi. "Hili limekushinda."

"Mbweha nimewakaribisha mwenyewe. Leo niwaachie nyumba?"

Hakuna tena aliyetaka mashua. Fundi akafunga randa na misumeno yake, akaenda kuaga. Alimkuta shemeji yake ndani ya mfereji mkavu, midomo imepasuka kwa chumvi, koleo likipanda na kushuka. Akachuchumaa ukingoni.

"Nikija kukuona," fundi akasema, "nikuletee nini?"

Mlinzi hakuinua kichwa.

"Usilete kitu, shemeji. Njoo kwa miguu tu. Njia nilishakutengenezea."