Kadi Ambayo Perez Hakuichapa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Perez Aoko anavua viatu mlangoni, anavisukuma chini ya benchi na kuvaa ndara za mpira. Mkoba wake unabaki kwa askari. Kalamu pia. Anamwonyesha viganja vyake, mbele na nyuma, kisha mlango unafunguliwa na baridi inampiga usoni.

"Huko nje watu wanatoka jasho, sisi humu tunavaa sweta," anasema. "Mashine haitaki joto wala vumbi. Sisi tukishikwa na mafua si neno."

Ndani ya chumba hiki kisicho na dirisha, katika ofisi moja ya kumbukumbu za polisi jijini Nairobi, makarani wanawake wameketi mbele ya vioo vyenye maandishi ya kijani. Mkononi kila mmoja ana bunda la kadi ngumu zilizogeuka rangi kwa uzee. Ni kadi za watu waliowahi kuhukumiwa: jina, kijiji, kosa, kifungo, picha na alama za vidole. Kadi moja baada ya nyingine, wanazihamisha kutoka kabati za chuma hadi kwenye kompyuta.

Zamani, polisi wakitaka kujua kama mtu waliyemshika aliwahi kufungwa, karani alipekua kabati siku nzima, na pengine akatoka mikono mitupu. Siku hizi jibu linakuja kabla chai haijapoa.

Perez ana umri wa miaka ishirini na minane. Ni mjane mwenye binti mmoja, Atieno, na anaishi Jericho, katika nyumba ya baraza la jiji aliyorithi kwa marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa baraza. Alianza kwa kupiga taipu katika duka la vitambaa. Alipoona tangazo la kazi ya kompyuta aliandika barua bila kujua kompyuta inafananaje.

"Nilidhani ni taipu kubwa," anasema na kucheka. "Siku ya kwanza nilitafuta mahali pa kuingiza karatasi."

Kabla ya kukabidhiwa kiti, kila karani alikula kiapo cha kutunza siri. Kila mmoja ana neno lake la siri la kufungulia mashine, na hata rafiki wa kiti cha pili hapaswi kulijua. Kanuni nyingine zimebandikwa ukutani. Mojawapo inasema kwamba karani akikutana na kadi ya jamaa yake, asiichape. Aache kila kitu, asimame na kumwita msimamizi.

Kwa mwaka mzima kanuni hiyo haikumsimamisha mtu.

Mtaani, shida ilianza mapema. Watu wa Jericho walipojua Perez anafanya kazi wapi, wengine walinyamaza akipita na wengine wakamtafuta. Jecinta, jirani anayeuza matumbo ya mbuzi kutoka Kiamaiko, alimjia jioni moja na nyama iliyofungwa kwa gazeti.

"Mama Atieno, kijana wangu alishikwa pamoja na wenzake kule Mathare, akafungwa miezi mitatu. Sasa kila kazi anaulizwa barua ya polisi," alimwambia. "Wewe si ndiwe unaandika kwa hiyo mashine? Futa tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, dada yangu."

"Kwani wewe ni serikali?"

"Si serikali. Lakini nikifuta la kwako leo, kesho mwingine atakuja niandike la mtu ambaye hakufanya kitu. Hapo utanilinda vipi?"

Jecinta alichukua nyama yake akaondoka. Hadi leo hawasalimiani.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1986, kanuni ile ya ukutani ikamfikia yeye. Perez alikuwa amebakisha kadi chache kabla ya chakula cha mchana. Akageuza moja, akaitazama, na mikono yake ikakataa kushuka kwenye vibonye.

Kadi hiyo ilikuwa ya nani, Perez hasemi. Mwandishi huyu alimuuliza mara kadhaa, kwa njia tofauti, na kila mara alijibiwa kwa upole uleule: "Hilo halitoki kwangu." Anachokubali kusimulia ni yaliyompata yeye mwenyewe.

"Niliona giza. Nilijua kadi ni hiyo hiyo moja, hakuna nakala. Haijaingia kwenye mashine. Ikianguka nyuma ya kabati, imekwisha duniani. Na sweta yangu ilikuwa na mfuko."

 Lydiah, karani wa kiti cha pili, alidhani ameugua na kumshika bega. Perez akaifunika kadi kwa kiganja Lydiah asiione. Kisha akasimama.

Inspekta Matheka, msimamizi wao, hakupiga kelele. Alimuuliza jambo moja tu: ni ndugu wa karibu au wa mbali? Perez akajibu, wa karibu. Inspekta akaichukua kadi bila kuisoma mbele yake, akaigeuza uso chini na kumwambia aende akanywe maji.

Kuanzia siku hiyo aliondolewa kwenye mashine. Wakubwa walitaka kufikiri kama mtu mwenye jamaa kwenye kabati zile anafaa kuzigusa. Akapewa kazi ya kufuta vumbi kadi na kuzipanga kwa herufi, huku wenzake wakiulizana kwa macho amekosa nini.

"Nilifuata kanuni nikaonekana mkosaji," anasema. "Nililia chooni. Nikajiambia, ningeitia mfukoni leo ningekuwa kwenye kiti changu."

Aliyeamua kusema ni baba yake.

Mzee Phares Omolo ni seremala. Karakana yake iko Shauri Moyo, karibu na Soko la Burma, mahali ambapo moshi wa nyama choma unaingia hadi kwenye mbao. Ametengeneza vitanda vya nusu ya mtaa na alikuwa mweka hazina wa kanisa lake kwa miaka mingi. Ndiye aliyemwambia mwandishi huyu: "Andika jina langu lote. Nimechoka kulificha."

Anasimulia kwamba uvumi ulifika hadi kwenye karakana: polisi wameleta mashine inayokumbuka kila mtu. Jumapili moja, Perez alipomletea chakula, akamuuliza kana kwamba ni jambo la kupitisha wakati.

"Nyathina, mwanangu, hiyo mashine yenu, huwa inasahau?"

"Baba, kazi yangu siruhusiwi kuizungumza."

"Sikuulizi habari za watu. Nauliza mashine."

Perez aligeukia chakula alichokileta. Alianza kufungua vyombo, na mfuniko wa sufuria ukamponyoka. Mzee akamtazama binti yake akiuokota, akiupangusa, akiupangusa tena. Akaweka randa chini.

"Basi kaa kitako," akasema. "Wewe usiseme kitu. Nitasema mimi."

Mwaka 1958, akiwa kibarua wa ghala moja Industrial Area, yeye na wenzake wawili waliiba mablanketi na kuyauza. Alifungwa miezi sita. Perez alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, aliwaambia watu mumewe amekwenda Uganda kujenga, na Uganda hiyo ikawa historia ya familia. Watoto walikua wakiomba wasimuliwe Jinja ilivyo, na mzee akawasimulia mji ambao hajawahi kuuona.

"Watu hudhani niliiba kwa njaa," anasema. "Sikuwa na njaa. Nilitaka baiskeli. Nilikuwa kijana, nilitaka kuonekana."

Perez alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema kama alijua au hakujua. Mzee anasema binti yake alimpakulia samaki, akamwekea kipande cha kichwa anachokipenda, wakala pamoja. Alipoondoka alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki iliyofuata Mzee Phares alisimama mbele ya wazee wa kanisa akawaeleza yeye mwenyewe. Wengine walimkumbatia. Wengine walisema mkoba wa sadaka hauwezi kubaki kwake, na haukubaki. Wateja wawili walichukua mbao zao. Lakini anasema siku hizi askari akiingia karakana kuulizia bei ya kiti, yeye huendelea kupiga randa.

Perez alirudishwa kwenye mashine mwezi wa Mei. Hakuna aliyemwomba radhi, wala yeye hakuidai. Inspekta Matheka alimwambia tu kwamba kiti chake kilikuwa bado hakijapewa mtu, na kwamba makarani wapya watasomewa kisa chake bila jina.

Sasa jioni tatu kwa wiki anasomea kutunga programu katika chuo kimoja cha mjini. Anataka kupanda kutoka kuchapa hadi kupanga namna mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa maana ana jambo linalomkera. Polisi wanaweza kusoma kumbukumbu ya mtu. Karani anaweza. Mtu mwenyewe hawezi. Amewapelekea wakubwa pendekezo kwamba siku moja liwekwe dirisha ambapo raia ataomba kusoma yaliyoandikwa juu yake, na kama kuna kosa, alalamike.

Hawajamjibu. Anasema atauliza tena akimaliza masomo, akiwa na cheti mkononi.

Mzee Phares amesikia habari za dirisha hilo na ameshajipanga. "Likifunguliwa, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni," anasema. "Nataka kuona waliniandika vipi."

Perez anaambiwa maneno hayo ya baba yake akiwa mlangoni mwa ofisi, akivaa viatu vyake kurudi nyumbani. Anafunga kamba, ananyanyua mkoba.

"Aje na kitambulisho," anasema, "kama kila mtu."