Mwanamke Aliye Pamoja

Wiki hii tumemzika mkunga mmoja wa Kipemba, mkaazi wa Edmonton hapa London, ambaye baadhi yenu wasomaji wangu mlipokewa na mikono yake mlipoingia duniani. Jina silitaji, mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Mimi naye tulikuwa watu wa salamu za kituo cha basi, si zaidi.

Siku moja kituoni hapo, kwa kiherehere changu cha kupenda kamusi, nilimweleza asili ya neno wanalomwitia kazini, midwife. Wengi hudhani kipande cha kwanza ni "katikati". Sivyo. Katika Kiingereza cha kale mid ni "pamoja na", na wif ni mwanamke yeyote, awe na mume au asiwe naye. Yaani mwanamke aliye pamoja na mwenzake anayejifungua. Alinisikiliza huku akichungulia basi. "Basi Waingereza wa zamani walikuwa na akili," akasema. "Hawa wa leo wanataka niwe pamoja na kompyuta."

Hakuwa akitania. Zamu yake ikiisha na mama hajajifungua, alivua sare, akavaa nguo zake, akarudi kukaa naye kama jamaa tu. Wakubwa wake walimkanya. Akaitikia vizuri sana, na hakuacha.

Alipougua, sisi watu wa pwani tulifanya tunachokijua: tulipika. Friji yake ikajaa pilau na mikate ya kumimina, na dua zikajaa kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila mtu alipiga hodi, akaweka bakuli, akatoa pole bila kuvua koti, akawahi treni. Wanawe wanaishi mbali, na yeye aliogopa kufa peke yake. Nilipofika na bakuli langu aliniambia, "Mwanangu, chakula ninacho. Mtu ndiye sina. Kaa."

Nikakaa. Jioni nikawapigia simu kina mama aliowazalisha, nao wakapanga zamu. Wengine walikuja na mabinti zao, wale wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza. Mmoja wao, aliyezaliwa mikononi mwa marehemu, ndiye aliyekuwa ameushika mkono wake alipokata roho.

Nimehuzunika, ingawa hatukuwa marafiki. Wema wetu hapa London umekuwa wa kupeleka na kuondoka. Ukienda kumtazama mgonjwa, bakuli si lazima. Vua koti, ukae.