Mzimu wa Daraja Letu

Mimi shule niliacha darasa la pili kwa sababu ya fahali wa baba. Alikuwa na kiburi yule, akiona kaptula ya shule analala katikati ya njia, mpaka baba akasema basi kaa naye malishoni. Huko malishoni kulikuwa na mzee mpasua mbao. Ndiye aliyenifundisha msumeno, na msumeno ndio ulionileta Nairobi, nikapanga chumba Lindi, Kibera, na watu wa kwetu Magharibi. Ugali tulipika kwa zamu, mmoja akiuunguza kila zamu yake, lakini tuwache hayo.

Kazi ilikuwa Kawangware. Siku hizo kati ya huko na Kibera ni mashamba na vichaka, na mto usio na adabu mvua ikinyesha. Daraja tulilijenga wenyewe, mimi na mafundi wawili Wakamba, kwa magogo ya blugamu. Serikali haikuleta hata msumari. Hata leo nikilitaja kifua kinapanda.

Basi mvua moja kubwa ikamsomba kibarua wa kwetu akiosha jembe pale chini. Daraja halikumwangusha, hilo lieleweke. Mwili haukupatikana. Baadaye ukivuka unasikia mtu anakohoa nyuma yako, ukigeuka hakuna. Nilimsikia mwenyewe, mchana, nimebeba mlango kichwani. Watu wakazoea kutupa jiwe pale ukingoni kabla ya kuvuka, ili asiwafuate. Mawe yakawa kichuguu.

Habari zilichelewa kufika kwao. Zilipofika, mama yake akaja kumchukua. Kwetu mtu akifia majini, watu wake huja na tawi la mti wa bomani, humwita, humwongoza hadi nyumbani. Asipofuatwa, anazurura tu.

Nikampeleka mama mtoni, mimi na wale mafundi wawili. Akatazama yale mawe, akauliza ni ya nini. Mmoja wa wale Wakamba akamwambia polepole, "Mama, ni ya kumzuia."

"Kwa hivyo mwanangu mmempiga mawe wakati wote huu? Sasa atainukaje hapo?"

Yule Mkamba akavua koti, akainua jiwe la kwanza. Akina mama wa mboga waliokuwa wakivuka wakatua mizigo. Hakuna aliyeuliza marehemu ni kabila gani. Tuliyabeba yote tukayapanga chini ya daraja, likasimama imara kuliko mwanzo. Sijaona watu kama wale tena.

Kichuguu kilipokwisha, mama akagusa ardhi kwa lile tawi, akaita jina la mwanawe. "Twende nyumbani. Baba yako amechoka kungoja."

"Fundi, mpishe mwenzako," Mkamba akaninong'oneza. "Daraja lako ni jembamba."

Nikapisha. Mama akavuka na tawi begani, bila kugeuka. Magogo yakalia kwa miguu ya watu wawili, halafu nyasi za ng'ambo zikalala hatua kwa hatua nyuma ya mama, kuelekea barabara ya basi. Marehemu akaenda zake hivyo, bila kukohoa, na pale mtoni hakurudi tena.